Dumu Alilochukua Mtani

Jumatatu, 7 Oktoba
Ghala nimelifungua mapema. Harufu ilinipiga kabla hata sijatoa kufuli. Nikafungua dirisha la juu na la chini, nikakaa nje mpaka ipungue. Ndivyo tulivyofundishwa. Kina mama wa kikundi wameleta spiriti nyingi kuliko wiki iliyopita. Mikorosho ya Chilangala mwaka huu imezaa kwa fujo, na mabibo ambayo zamani yaliozea shambani au yaliishia kuwa nipa, ile gongo yetu, sasa yanapikwa kwenye mtambo wa kikundi, yanatoka spiriti ya majiko. Vijana wa bodaboda nao wanainunua wachanganye na petroli. Wanasema pikipiki inaipenda. Mimi nasema iko siku pikipiki italewa.

Maisha yangu yote nimelinda ghala la korosho. Korosho huwezi kuiwasha kwa kupita nayo sigara mdomoni. Spiriti ni mambo mengine. Sigara nimeacha. Mke wangu, Mama Salumu, anasema spiriti imefanikiwa pale yeye aliposhindwa.

Dumu jekundu ni la spiriti, la njano ni la maji. Nimeandika hivyo mlangoni kwa mkaa. Mama Tatu, mwenyekiti wa kikundi, kasema mwandiko wangu unatisha kuliko moto wenyewe. 

Jumatano, 9 Oktoba
Bomba halijatoa maji tangu juma lililopita. Foleni ya madumu imefika hadi msikitini. Yote ya njano, yote yanafanana, kila mtu kafunga kitambaa chake kwenye mpini ili jirani asimchukulie. Vitambaa vyenyewe vinatoka kwa Bakari, fundi cherehani. Vipande vya nguo za watu.

Bakari ni mtani wangu. Yeye Myao wa Lisekese, mimi Mmakonde wa hapa hapa, utani tuliurithi kwa babu zetu. Alikuja huku kuoa, mkewe akafariki, akabaki. Hana haya hata kidogo. Mwezi uliopita alibeba sufuria ya wali jikoni kwetu, nyama ikiwa ndani, akatuachia mfuniko. Mimi nikamchukulia redio yake wiki nzima. Mtani hashitakiwi. Mama Salumu humwita mume mdogo, naye humjibu kwamba anangoja tu huyu mzee afe. Leo alipita akaniuliza kama bado napumua. Nikamwambia napumua spiriti.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimeshinda Newala mjini kutafuta madumu mekundu. Sikupata. Nimerudi nimechoka na nimenuna.

Nikakuta kumbe dumu moja ghalani lilipasuka kitako. Mama Salumu ndiye aliyesikia harufu. Akamimina spiriti yote kwenye dumu la njano, akafunga kitambaa chekundu mpinini, akalitoa nje kuliweka baraza ya nyuma ya nyumba yetu, kivulini, mbali na jiko. Sakafu ya ghala kaimwagia maji, maji yetu ya kunywa. Nikagomba. Dumu la njano! Akaniuliza kama nilitaka aikinge kwa viganja.  Kesho nitaazima dumu jekundu kwa Mama Tatu.

Jumapili, 13 Oktoba
Dumu halipo barazani. Jirani alimwona Bakari alfajiri akilibeba kwenda kwake, anapiga mluzi. Kisha akafunga mlango, akapanda gari la Masasi kwenda harusi ya mpwa wake Lisekese. Kalichukua kwa utani, akidhani ni maji. Siku za kiu namna hii kuiba maji ya mtani ni ushindi mkubwa.

Nilicheka. Mama Salumu hakucheka. Akaniambia nimpigie simu sasa hivi.

Nimempigia. Ngoma zinasikika nyuma yake. Nikamwambia, wewe Myao, dumu hilo lina spiriti, usilifungue karibu na moto. Akaangua kicheko. "Mmakonde, uchungu wa maji ndio unakufanya uyaite spiriti? Nilipe jogoo mmoja, ndipo ulione dumu lako." Nikamwambia sitanii. Akasema hilo ndilo neno la kwanza la mtani yeyote. Nikaapa. Akacheka zaidi, akawasimulia watu wa harusi, nao wakacheka. Mwisho na mimi nikacheka, nisijue la kufanya.

Kumwambia nimemwambia.

Jumanne, 15 Oktoba
Mama Salumu kaamka na lile lile. Nikavunje kufuli la Bakari nitoe dumu. Nimekataa. Kubeba kitu cha mtani ni utani, kuvunja mlango wake ni wizi, na watu wanajua tofauti. Anasema kitambaa chekundu Bakari hatakielewa, kwake kitambaa ni alama ya mwenye dumu, basi. Na harufu? Nikamwambia ataisikia. Akasema msimu huu kijiji kizima kinanuka mabibo na spiriti, nani anasikia chochote.

Simu ya Bakari haipatikani leo. Anarudi kesho. Tunalala bila kusemezana vizuri. Mwanamke huyu akishika jambo haachi.

Alhamisi, 17 Oktoba. Hospitali, Newala
Jana sikuandika.

Ilikuwa alasiri, jua kali. Mama Salumu alikuwa anachemsha mihogo. Upepo ukachukua cheche, paa la nyasi la jiko likashika upande mmoja. Moto mdogo. Nasema mdogo kwa sababu nimeuona. Tungeziangusha nyasi kwa fito, tukazimwagia mchanga, tukamaliza. Watu wakaja, kila mmoja na dumu lake, kama ilivyo huku. Siku maji hayapo ndiyo siku utajua jirani yako ni nani. Mama Salumu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akivuta sufuria nje.

Bakari ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye gari. Akaona moshi kwetu. Akatupa begi, akakimbilia ndani kwake, akatoka na dumu. Kitambaa hakipo, alikwisha kukifungua. Nilimwona anakuja. Nilimwona anapiga kelele, "Maji yenu haya! Maji yenu haya!" Nikapaza sauti. Watu wote walikuwa wanapaza sauti. Akamwaga.

Likalipuka. Ukuta, mlango, yeye mwenyewe mkono wa kulia. Na Mama Salumu.

Moto wa spiriti juani hauonekani. Hilo tulifundishwa nikalisahau siku hiyo hiyo. Nilimwona mke wangu anajipiga mapaja kwa mikono, anarukaruka, sikuona kinachomuunguza. Nilidhani nyuki. Kisha kanga ikaanza kukunjamana yenyewe na kuwa nyeusi. Nikamwangusha, nikamfunika gunia, watu wakatumwagia maji yote yaliyokuwapo. Maji ya kweli.

Jiko limeungua lote. Silijali.

Ijumaa, 18 Oktoba
Wametuhamishia Masasi. Gari liliteremka taratibu na kila tuta alilia. Sijawahi kumsikia akilia, hata wakati wa kujifungua. Ameungua kuanzia kiunoni kushuka, na mkono mmoja. Daktari ni kijana, hazungushi maneno. Kasema tusubiri, tuombe, vidonda vya namna hii siku za mwanzo vinadanganya.

Nataka apone. Sina lingine la kuandika.

Jumapili, 20 Oktoba
Salumu kafika kutoka Songea anakofundisha. Alimsalimia mama yake vizuri, shikamoo mama, akaulizia chakula, akatoka nje akatapika.

Bakari yuko hapa. Nimemwona leo getini, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Yupo tangu jana, mlinzi kaniambia. Hakunisogelea. Sikumsogelea. Nilimwangalia nikajisikia kumrukia. Nilimwambia kwenye simu. Nilimwambia mara ngapi? Akachekelea na watu wa harusi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Salumu ndiye kaitamka methali hiyo, mbele ya wagonjwa wengine, kwa sauti. Sikumkataza.

Jumanne, 22 Oktoba
Homa. Hali chakula. Nimempa uji vijiko viwili, cha tatu kakataa kwa macho. Anauliza mambo ya nyumbani. Ghala nani kalifunga? Nikamwambia Mama Tatu. Akauliza kama madirisha yako wazi. Nikamwambia yako wazi. Akaridhika. Mtu anaoza miguu anauliza madirisha.

Salumu anataka kwenda polisi kumshitaki Bakari. Nikamwambia subiri mama yako apone kwanza. Akanijibu, je asipopona? Nikatoka nje. Kuna ukuta mrefu pale uani wanapoanika mashuka. Nikasimama nikiutazama huo ukuta.

Jumatano, 23 Oktoba
Leo asubuhi kaniuliza. Alikuwa na akili zake timamu kabisa, macho makavu.

"Baba Salumu, Bakari yuko wapi? Mkono wake vipi?"

Nikasema hayupo. Nikasema amekwenda kwao.

Alikuwa hapo nje. Nilikuwa nimemwona muda si mrefu akizunguka upande wa mashuka. Nikasema hayupo.

 Halafu akasema akija nimwambie hana kinyongo naye, na asiache kushona, mtu mwenye cherehani akiacha kushona huharibika. Nikaitikia. Nilikuwa na hasira na yeye pia. Kuungua aungue yeye, huruma ampe mwingine, mimi nibaki na nini?

Ijumaa, 25 Oktoba
Amefariki. Baada ya adhana ya alfajiri.

Somoe. Hilo ndilo jina lake, nimeacha kuliita tangu tulipompata Salumu.

Jumamosi, 26 Oktoba
Tumemzika Chilangala. Watu wengi. Wanawake wa kikundi wote. Mama Tatu alinishika mkono, hakusema kitu, na hilo lilikuwa afadhali, kwa sababu wengine wote walisema ajali haina kinga. Ina kinga. Kinga yake ni dumu jekundu. Kinga yake ilikuwa kuvunja lile kufuli aliloniambia nivunje. Nilitaka kupiga kelele hivyo hapo hapo.

Mazishi yalikuwa kimya. Huku kwetu mtu hazikwi kimya. Mtani ndiye anayeingia msibani akiwa amevaa kanga ya marehemu, anatembea kama yeye, anagomba kama yeye, anawafokea wafiwa wamempikia chakula kibaya, mpaka watu wanacheka huku machozi yanatoka. Mtani ndiye anayelala mbele ya jeneza akidai kwamba huyu hazikwi mpaka afurahishwe yeye. Bibi mmoja alinong'ona, kwa hiyo leo hakuna wa kutuliwaza? Akanyamazishwa.

Bakari alisimama mbali, kwenye mikorosho. Watu walimwona. Hakuna aliyemwita. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mimi nikatazama udongo.

Jumatano, 30 Oktoba
Salumu kanisihi tena juu ya polisi. Nimemwambia hapana. Akauliza kwa nini namtetea. Simtetei. Nikamwambia polisi watauliza dumu la njano lilikuwa na spiriti kwa sababu gani, na nitalazimika kumtaja mama yako. Akalia, mtu mzima. Akanikumbatia. Kesho anarudi kazini.

Ukweli wenyewe ni kwamba sijui kama hiyo ndiyo sababu.

Jumanne, 5 Novemba
Kikao cha kikundi. Wengine wanataka spiriti iachwe, mtambo urudishwe kwa waliouleta. Mume wa mmoja kasema nipa haijawahi kuua hivi. Uongo, nipa imezika wengi tu, ila inawazika polepole. Mama Tatu akaniomba niseme.

 Nilikwenda ghalani, nikakusanya kila dumu la njano lililokuwamo, mazima yote, yenye vifuniko, nikaleta uani nikayatoboa moja moja kwa msumari. Wanawake wakapiga mayowe. Huku kwetu dumu zima linarithiwa. Nikaendelea mpaka la mwisho. Kisha nikawaambia, spiriti haitakaa tena kwenye chombo cha maji, hata kwa dakika ya kuazima. Likipasuka dumu jekundu, imwagwe mchangani, mbali, watu wakae kando. Imwagwe! Jasho la wiki nzima limwagwe. Atakayeona uchungu aje aniangalie mimi kwanza.

 Halafu mmoja akaenda kuleta mchanga wa kujaza ndoo za mlangoni. Wakaendelea na kazi. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata.

Jumapili, 17 Novemba
Siku inapita, nyingine inakuja. Nakula nikikumbuka. Jiko jipya sijajenga. Napikia nje.

Cherehani ya Bakari haisikiki. Zamani ilikuwa inaniudhi, tangu asubuhi inagonga tu. Watoto wa shule wanakwenda kushonesha sare kijiji cha pili. Inasemekana mkono umekauka umekunjamana, kidole hakinyooki. Inasemekana pia kwamba anataka kuuza vitu arudi Lisekese. Aende.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimeota Somoe ananiuliza kama nimefikisha salamu. Si ndoto ya ajabu. Alikuwa anaulizia tu, mikono iko kwenye unga, kama anavyouliza mambo. Nimeamka nina hasira naye. Baadaye hasira ikaisha na nikabaki nimekaa kitandani.

Kama Bakari ataondoka bila kuambiwa, basi neno la mwisho la mke wangu litafia kwangu. Nimelifikiria siku nzima. Kumpa ni kama kumsamehe. Na mimi sijamsamehe.

Jumanne, 3 Desemba
Arobaini. Khitma imesomwa, watu wamekula, wameondoka. Mtani hakuja. Angekujaje? Mama Tatu alijaribu kuchekesha kidogo, masikini, hajui. Tulicheka ili asione aibu.

Alhamisi, 5 Desemba
Mvua ya kwanza imenyesha usiku, ya maana. Matangi yamepata maji.

Asubuhi nimekwenda kwa Bakari. Alikuwa amekaa mlangoni, cherehani imefunikwa shuka, vitu vimefungwafungwa. Alisimama aliponiona. Akaniamkia kwa heshima kama mgeni, yeye ambaye hajawahi kuniamkia vizuri hata siku moja. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Sikukaa. Nikamwambia nimekuja kusema jambo moja. Kwamba kule hospitali Somoe alimuulizia. Aliulizia mkono wake. Nikamwambia nilisema hayupo, na alikuwapo, nilikuwa nimemwona. Na kwamba alisema hana kinyongo, na asiache kushona. Nimesema yote bila kupumua. Nikangoja anitukane.

Bakari akatazama mkono wake.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa chini ya dirisha la wodi. Nilikusikia na wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakuingia, basi. Akasema mwenye mgonjwa alikwisha kusema hayupo.

Tukakaa.  Mvua ikarudi ndogo ndogo, na hakuna aliyeingia ndani. Halafu akaniuliza kama nimekula. Sijala. Akaniomba nimsaidie kuwasha moto, kwa mkono ule hawezi kushika kiberiti. Nikauwasha.